Wewe Leta Usiulize

Umbilo, Durban
Tarehe 12 Februari 2012

Kaka yangu Achille,

Sasa hivi mpwa wako Cathy ametumbukiza kitana changu ndani ya sufuria ya maji ya ugali, halafu amekuja kusimama mbele yangu, kiganja wazi, anasema, "Leta!" Anataka kalamu hii. Neno ni hilo moja tu toka asubuhi. Leta mkate, Leta kiatu, Leta mama. Nimempa kifuniko cha kalamu amenyamaza, kwa hiyo nina nafasi ya kukuandikia mpaka akichoke.

Nakusalimu katika amani ya Bwana, wewe na Mama. Macho yake yanaendelea namna gani? Ule mguu wako wa baridi je? Sisi huku tuko. Shemeji yako Alain anakusalimu sana, ameenda kazini kule Mobeni, wanapakia mafuta ya kupikia kwenye malori. Mimi bado nasuka nywele Overport kwa yule mama wa saluni, Lakini katikati ya wiki wateja ni kidogo, nakaa tu natazama magari yakisimama kwenye robot, zile taa za barabarani. Nyumba tunaishi watu wengi, sisi ni upande huu wa pazia. Chumba cha pili iko Sesilia, Mtanzania wa Kigoma. Yeye ananirekebisha Kiswahili. Nikisema iko, anasema yuko. Siku moja nilimwambia Leta ya hapa ina manesi wazuri, akacheka. "Leta ndiyo nini, dada? Sema serikali." Kwao Leta ni kuleta tu, basi.

Sasa neno Lenyewe. Wewe simu hutaki, unasema inasikilizwa, ndiyo maana nasumbua Mama Constance na karatasi zangu kila akija na vitenge vyake. Safari hii ameniambia watu wa Kamanda Anselmo walifika kwetu Sange, wakakaa uani, wakanywa chai. Kaka, wale hawawezi kushuka mlima wote ule kwa sababu ya chai. Ulikuwa na miaka kumi na tano ulipopanda nao mara ya kwanza. Mimi nilikuwa mdogo Lakini nakumbuka Mama alikuwa anakutolea sahani yako kila jioni, anaifunika, asubuhi anaifunua anawapa kuku. Miaka yote ile. Bunduki umerudisha, umekuwa raia. Usipande tena. Niandikie neno moja tu, nitatulia.

Mama Constance atapita kwenu kabla ya Pasaka. Mchicha wa dukani huku hauna Ladha ya ule wetu, Lengalenga. Mbegu za Lengalenga ya Mama usisahau wewe Leta usiulize nitapanda wapi.

Ni mimi mdogo wako,
Deborah


Sange
Tarehe 30 Machi 2012

Deborah,

Mimi Leta nimepata barua yako, na sikuuliza kitu, kama ulivyoamuru.

Mama anakusalimu. Jicho la kushoto limefunga, la kulia linaona mpaka mlangoni. Mvua iko. Muhogo umekubali.

Barua yako niliisoma kwa sauti mbele yake, kwa sababu anasema nikisoma anakusikia wewe. Nilipofika kule mwisho nikanyamaza. Akaniuliza, "Mbona umenyamaza, wino ulimwishia?" Nikasema ulimwishia. Sikutaka asikie binti yake anamwita mwanawe Leta.

Umekaa mbali, labda umesahau Leta ni nani hapa. Nitakukumbusha. Leta ni Hardy. Hardy yule tuliyekula naye mizizi kule mlimani mpaka meno yakawa meusi. Siku ya kurudisha silaha yeye alichagua jeshi, mimi nikachagua uraia. Walinipa baiskeli na ahadi ya shule ya useremala. Baiskeli ilifika. Sasa Hardy anashika kamba ya barieri, ya kuzuia watu, kwenye njia ya Uvira. Nikipita na magunia ya watu ananitazama kama mtu mgeni, anasema, "We demobe, simama. Leta fungu la Leta kwanza." Wenzake wanakufa na kicheko. Anachagua mihogo, tena anachagua vizuri, ile minene. Juzi nilimwambia, "Hardy, mgongo huu ndio uliokubeba ukiwa na risasi ya paja." Akasema, "Pita, mzee, unazuia watu."

Wakati wa kufa tuliitwa wazalendo. Leo sisi tuliorudisha silaha jina letu ni demobe, na wanalitamka kama jina la ugonjwa. Mkuu akipita na gari hashushi kioo. Siku ile tulisimama kwenye jua tukawakabidhi wakuu hao bunduki, mmoja wao akasema, nchi haitawasahau. Mimi nilimwamini, Deborah. Nilikuwa na suruali moja na nilimwamini. Sasa wewe ndiye unaniita kwa jina lao. Usifanye hivyo hata kwa mchezo.

Kuhusu Anselmo, chai ilikuwa chai.

Lengalenga bado ni changa, haina mbegu. Msalimie Alain. Nimetazama kalenda ya kanisani, tarehe 12 Februari ilikuwa Jumapili. Wanapakia mafuta hata Jumapili?

Achille


Umbilo, Durban
Tarehe 6 Mei 2012

Kaka yangu Achille,

Cathy amenishika mashavu kwa mikono yote miwili sasa hivi, anatazama ndani ya macho yangu kama anatafuta kitu kilichoangukia humo. Nilikuwa nacheka na machozi yanatoka, na yeye hajaona bado vitu hivyo viwili pamoja.

Pokea salamu zangu, na za Mama umpe kwa mkono, umguse bega. Nimesikia habari ya jicho, nimeumia.

Kaka, shika barua hii vizuri, itazame. Tazama Leo, tazama Lakini, tazama Lala. Unaona? Zote zimevaa kofia! Ni mwalimu wa darasa La tatu, yule mrefu, alisema herufi yangu ile ikiwa ndogo ni namba moja kabisa. Akanisimamisha mbele ya wote, akasema, "Huyu mtoto nimempa imla ameandika hesabu." Darasa Lote Lilicheka. Tangu siku ile neno Likianza na herufi ile naliandika kubwa, sitaki tena mtu aniambie nimeandika hesabu. Na vituo sijui kuviweka, unanijua. Nilitaka kusema, mbegu usisahau. Wewe Leta tu. Kuleta, kaka! Kuleta mbegu! Nikuite wewe Leta mimi? Wewe uliyenivusha mto mabegani nikakojoa shingoni mwako?

Nilimweleza Sesilia, akacheka akakaa chini. "Yaani huko kwenu mtu akisema Leta maji, serikali inakuja na ndoo?" Nikacheka naye. Halafu nikamwona Hardy kichwani mwangu anachagua mihogo, kicheko kikakatika.

Lakini nikwambie kitu, usikasirike. Wiki hii nilimpeleka Cathy kliniki kwa sindano. Nimeingia naogopa, karatasi yangu ya ukimbizi imechakaa kwenye mikunjo. Nesi hakuitazama kwanza. Aliuliza, mtoto amekula? Cathy alipolia, yule mama alimchukua akamfunga mgongoni kwa taulo, akaendelea kuandika huku anamtikisa tikisa, anamwimbia Kizulu. Nikakaa pale nikajiambia, na hii pia ni Leta. Kumbe Leta inaweza kuwa na mgongo. Labda yetu bado haijafundishwa. Siku nyingine hapa pia wananiambia rudi kwenu, tena kwenye foleni, mbele ya watu. Sisemi ni mbinguni. Nasema nimeona mgongo mara moja.

Alain anakusalimu. Ndiyo, hata Jumapili wanapakia.

Umesema chai ilikuwa chai. Mimi sikukuuliza habari ya chai.

Deborah


Umbilo, Durban
Tarehe 22 Julai 2012

Kaka,

Cathy amefanya jambo jipya Leo, hata sasa mkono wangu una makombo. Alikuwa anatafuna mkate, akautoa mdomoni, umelowa, akauweka kwenye kiganja changu akasema, "Leta." Nilidhani anataka mwingine. Nikamrudishia, akakataa, akaukandamiza tena mkononi mwangu. "Leta!" Ananipa, kaka. Hajui kwamba kuchukua na kutoa vina majina mawili. Kwake kitu kikihama mkono kwenda mkono mwingine, ni Leta tu.

Habari za Mama? Huku ni baridi, upepo unapita chini ya mlango, tunaziba na sweta.

Mama Constance amerudi bila karatasi yako. Nilimsubiri stendi toka asubuhi. Nikamwuliza kaka yangu amekuambia nini. Akafungua mzigo wake, akafunga, akafungua tena. Akasema, "Nilimkuta mama yenu peke yake." Nikamwuliza, na Achille? Akasema, "Wamesema amesafiri." Amesafiri wapi na baiskeli iko imeegemea ukuta? Alianza kunionyesha vitenge.

Basi mmoja wetu aanze kusema, niwe mimi. Alain hayupo. Hayuko Mobeni, hayuko Durban. Kabla ya Noeli alisema anaenda Cape Town kutafuta kazi nzuri zaidi, atatuita. Mwanzo alipiga simu. Sasa namba yake anajibu mwanamke wa mashine, kwa Kiingereza, hata hachoki. Zile salamu zake nilikuwa naziandika mimi. Sikutaka uone dada yako ameachwa kwenye nchi ya watu, ukaongeza hasira juu ya hasira ulizonazo.

Jioni nikipakua natoa sahani tatu. Halafu narudisha moja. Zamani nilikuwa nashangaa Mama na ile sahani yako na kuku wake. Sishangai tena.

Kama uko kule juu, ukipata barua hii, shuka. Sitauliza. Kwa sasa ni mimi na Cathy na pazia.

Deborah


Sange
Tarehe 16 Septemba 2012

Debo mdogo wangu,

Salamu zako na za Cathy zimetufikia, na mkate wake pia. Mama ameomba nimsomee mahali pale pa mkate mara nyingi. Yeye anakwambia ule, ulale mapema, na usiache kusuka. Jicho la kulia linashindana. Mimi nasomesha kuku wasiingie nyumbani.

Zile salamu za Alain nilijua ni zako. Mwanaume hawezi kusalimu vizuri namna ile. Sina la kusema juu yake ambalo Mama ataruhusu niandike. Lakini usifiche tena mambo kama hayo kwa kuogopa hasira yangu. Hasira yangu ina kazi nyingine, haiwezi kukudhuru wewe.

Sasa na mimi. Nilipanda. Barua yako ya mwezi wa tano ilinikuta bado niko nyumbani, nikaisoma, nikacheka hizo kofia zako, halafu kesho yake nikapanda. Siyo yote nitaandika.

Anselmo amezeeka. Bado ana sauti ile. Alitukalisha chini, wengi ni sisi wa zamani, wademobe, mmoja anakuja na fomu yake ya shule ya umeme ambayo haijafunguliwa, mwingine na hadithi ya cherehani aliyopewa akaiuza. Akasema, "Leta imewasahau. Sisi tutaikumbusha." Debo, nilipiga makofi mpaka mikono ikauma. Ilikuwa tamu kuitwa kwa jina langu la zamani. Mtu aliamka akanipa kiti. Huku chini hakuna aliyenipa kiti tangu niwe raia.

Wakanipa zamu kwenye njia ya kushuka sokoni. Nikafika, nikakuta kamba. Imefungwa mti huu mpaka mti ule, kama ile ya Hardy, hata fundo ni lile, wote tulifundishwa na mtu mmoja. Akaja mama na kikapu cha viazi, amebeba kwa kichwa, ana mtoto mgongoni. Akasimama. Alikuwa ananitazama miguu. Mimi nikafungua mdomo, na nilisikia neno likitoka kabla sijalifikiri: "Leta."

Nikakumbuka karatasi yako. Wewe Leta. Ulikosea kituo na herufi, na mimi nikaenda kulitafuta jina lenyewe nikalivaa. Yule mama alishusha kikapu, akaanza kuchagua viazi vikubwa vikubwa, bila kuambiwa. Anajua kazi. Nikamwambia, "Beba, mama, pita." Hakuamini. Alipita kinyumenyume.

Sikumwambia Anselmo hapana. Huyo haambiwi hapana. Nilisema naenda kumwona Mama, ana jicho. Akasema sawa, tutakuja kukuchukua maharage yakivunwa. Na anayechukuliwa mara ya pili, hilo unalijua, hashuki tena kunywa chai na mtu.

Usifikiri nimepatana na Leta ya mjini. Hapana. Jana tena Hardy amechukua mihogo. Nafikiria mkate wa Cathy. Kama Leta yetu siku moja ingeutoa mkate mdomoni mwake, umelowa hivyo, umetafunwa, ingeniwekea mkononi, mimi ningeula, Debo. Ningeula nimesimama. Lakini haijatoa. Na ya mlimani ni ile ile, ina majani kichwani tu. Kwa hiyo niko katikati na baiskeli, na pale katikati hakuna watu wengi.

Sikuahidi kitu, kwa sababu wakija watakuja wengi na mimi ni mmoja. Ila nakwambia hivi. Lengalenga ya Mama imetoa mbegu. Nimekata masuke, nimeyaweka juu ya bati yakauke. Lazima yapigwe, yapetwe, makapi yaende na upepo, na Mama hawezi, haoni. Ni mimi tu. Wakija na mimi nikabaki, nitazipeta na Mama Constance atakuletea. Wakija na mimi nikaenda, hakuna mtu wa kuzipeta, zitamwagika pale pale uani, kuku watakula. Usitafute habari kwa njia nyingine, watu watakudanganya kwa huruma. Angalia mbegu.

Kaka yako asiye Leta,
Achille


Umbilo, Durban
Tarehe 18 Novemba 2012

Kaka yangu Achille,

Muda si mrefu Cathy amemwagilia udongo mtupu. Ana kikombe chake cha plastiki, anachota kwenye beseni la vyombo, maji yenye sabuni, anapanda juu ya kiti, anamimina ndani ya kopo, anashuka anachungulia kwa pembeni kama kitu kitatoka na kumsalimu. Kopo ni La rangi ya nyumba, Sesilia ameniokotea. Nimelitoboa matundu chini kwa msumari, nimeleta udongo kutoka kando ya barabara, umekaa dirishani tangu barua yako. Kwa hiyo wewe ulinikataza kuuliza habari, mimi nilikukataza kuuliza, na sasa unajua nitapanda wapi.

Salamu nyingi, na za Cathy. Na za Alain hakuna. Tazama, nimeweza kuandika hivyo.

Watu wa nyumba wananicheka. "Mama Cathy, eish, kila siku unaotesha nini, vumbi?" Nasema nasubiri mtu. Sesilia peke yake anajua. Yeye hakucheka, alikaa kitandani kwangu akaniuliza, "Maharage ya kwenu huvunwa mwezi gani?" Nikamwambia yameshavunwa. Akashika mguu wa Cathy. Halafu akasema, "Basi jibu Liko njiani, dada, Liwe La namna yoyote." Tangu siku ile nikichelewa kutoka saluni nakuta amepika pia kwa ajili yetu. Sahani ya tatu ni yake sasa. Sirudishi tena.

Mama Constance alipaswa kufika siku ya Alhamisi. Basi Lao Limekwama mpakani, wamefungua mizigo yote. Nimeenda stendi jana, nimeenda Leo baada ya ibada, mkono mmoja mtoto, mkono mmoja mwavuli. Hakuna. Kuna watu wawili wa Uvira pale wanauza chaja za simu, wangeweza kuniambia yaliyotokea Sange. Mmoja alianza, "We si dada yake Achille?" Nikaziba masikio, kaka, kweli kweli, mbele ya watu, kama mtoto. Umesema niangalie mbegu. Naangalia mbegu.

Nimefikiri sana yule mama wa viazi. Wewe unasema uko katikati na hakuna watu. Yeye yuko hapo. Amepita kinyumenyume Lakini amepita, na jioni ile watoto wake wamekula viazi vikubwa kwa sababu mtu wa kamba alisema beba. Hawajui jina Lako. Mimi nalijua, ndiyo maana nakuandikia: kwa siku hiyo moja, kaka, kwenye njia hiyo moja, Leta ilikuwa na mgongo, na mgongo ulikuwa wako. Najua neno hili hulitaki. Nimeliandika kwa kukusudia, na kofia yake.

Mbegu zisipofika sitakulaumu. Nitaacha kopo dirishani. Nitamwambia Cathy mjomba ana safari ndefu, na kila jioni nita

Ngoja kaka, Sesilia anaita kutoka chini, anapiga kelele jengo zima Linasikia, anasema Mama Constance ameshaingia getini anapanda, nishuke mbio na bakuli, bahasha imechanika njiani inamwaga vitu vidogo vyeusi kwenye ngazi zote, na Cathy ameshafika mlangoni kiganja wazi ana